Mistari Mitatu ya Katibu

Fleti ya Katibu inauzwa. Niliiona kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa: picha kumi na nne zilizopigwa siku yenye jua, na chini yake maneno ya ajenti. Vyumba viwili, jengo la ushirika la kabla ya vita, imekarabatiwa kila kona, tayari kwa kuhamia. Niliitambua kwa dirisha tu. Jiko lilikuwa limepoteza ukuta wake mmoja, sakafu ya mbao iliyokuwa ikilia ukiikanyaga ilikuwa imefunikwa na kitu cha kijivu kinachong'aa, na pale ilipokuwa meza yake ilisimama kaunta nyeupe yenye bakuli la malimau ambayo hakuna mtu angeyakamua. Lakini dirisha lilikuwa lilelile, la fremu nyembamba za chuma, na nje yake vilionekana vile vyuma vya kufungia baiskeli alivyokuwa akivipaka rangi ya kijani kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe.

Nilitoka kwenye foleni bila dawa.

Tuliishi juu yake miaka kumi na moja, mama na mimi. Yeye namba tatu, sisi namba saba. Alikuwa na jina, bila shaka, na lilikuwa limeandikwa kwenye kengele ya mlango wa nje, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Katibu. Wenyeviti wa kamati ya jengo walikuja wakaenda, wengine wakafa, yeye akabaki na daftari la mikutano. Hata mkewe alimwita Katibu, nadhani kwa utani mwanzoni, kisha utani ukazeeka ukawa jina. Alizaliwa lini, ukoo wake ulitoka wapi, sitayaeleza hayo. Mwenyewe alikuwa akisema mtu umjue kwa anavyofunga mlango, na milango ya kwao sikuiona.

Nianze na jengo, maana yeye na jengo walikuwa wameshaota pamoja. Lipo Queensbury, pembezoni mwa London, mwendo mfupi kutoka kituo cha treni, nyuma ya safu ya maduka yanayouza sari, bamia na mihogo iliyogandishwa. Matofali mekundu, orofa nne, fleti kumi na sita, ngazi za terazo, lifti iliyofanya kazi inapojisikia. Halikuwa na mwenye nyumba. Kila mwenye fleti alikuwa na hisa moja, na hisa hizo kumi na sita ndizo zilizomiliki kuta, paa, na boila moja kubwa iliyokaa chini ya ardhi ikitupasha joto sote. Kwa hiyo mtu hakununua fleti tu. Alinunua hisa, na hisa haikuhama mkono mpaka kamati ikubali. Mpangaji hakuwa na hisa. Fleti yetu ilikuwa ya bwana mmoja aliyeishi Kanada, na sisi tulikuwa wapangaji wake.

Kutoka kwenye boila lilipanda bomba la chuma, nene kama paja la mtoto, likapita jikoni kwa Katibu, likatoboa dari yake, likaingia jikoni kwetu, likaendelea hadi namba kumi na moja na kumi na tano. Katibu alilisoma bomba lile kwa kiganja. Aliliwekea mkono, akafumba macho, kama mama alivyokuwa akiugusa uso wangu ninapougua.

"Namba kumi na moja wamefungua dirisha," angesema. "Mimi nawasha joto, wao wanawapelekea njiwa."

Alipanda ngazi, na kweli dirisha lilikuwa wazi.

Bomba hilo lilikuwa pia simu yetu. Mama alikuwa nesi, zamu zake hazikujali saa za shule, na mimi nilirudi nyumbani peke yangu tangu nikiwa na miaka saba. Katibu ndiye aliyepanga utaratibu. Nikifika, nichukue kijiko, nigonge bomba mara moja: nimefika. Yeye atagonga mara mbili: nimesikia. Nikigonga mara tatu, ana haki ya kuja na ufunguo wa akiba. Sikuwahi kugonga mara tatu. Lakini hata sasa, nikiingia ndani ya nyumba tupu, vidole vyangu hutafuta kijiko.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Nilimpenda. Hilo ndilo linalonichoma.

Ubahili wake ulikuwa maarufu. Taa za ngazini aliziwekea balbu dhaifu kiasi kwamba wageni walipanda wakipapasa ukuta. Alikunja magazeti ya bure akazibia nyufa za madirisha. Alibandika notisi kwenye ubao wa chini, kwa mwandiko wa kalamu ya wino, na notisi zake zilikuwa na maudhi yenye adabu nyingi: "Ndugu aliyeacha mfuko wa takataka kwenye ngazi ya pili anakumbushwa kwamba mfuko hauna miguu." Lakini mwaka ule wa theluji kubwa, boila ilipozima, mtu huyuhuyu alipita mlango hadi mlango na chupa za maji ya moto zilizovikwa soksi, moja moja, fleti zote kumi na sita, akaanza na zile zenye watoto. Soksi zilikuwa zake. Kesho yake nilimwona amevaa viatu bila soksi, kifundo cha mguu chekundu, akibishana na fundi.

"Katibu, utaugua," mama alimwambia.

"Sista, mimi mtu wa Tanga," alijibu. "Baridi hainijui, itaanzaje kunishika?"

Alimwita mama Sista, kama manesi wanavyoitwa nyumbani, na mama alilipenda jina hilo kwa sababu hospitalini kwake waliita kila mtu kwa jina la kwanza, hata mtoto wa miaka kumi na tisa aliyeanza kazi jana.

Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, laini, chenye subira, na hakikuwa na pa kwenda. Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache katika lugha zote. Mwanawe wa pekee, aliyekuwa akija Jumapili na gari lake safi, alielewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. "Nimezaa redio," Katibu alikuwa akisema mbele yake. "Inasikika, haisikii." Mwanawe alicheka, akajibu kwa Kiingereza kwamba anasikia vizuri sana. Basi Kiswahili chote kilichokuwa kimejaa ndani ya mzee yule kikanimwagikia mimi. Kila Jumatano alinikalisha kwenye meza yake ya jikoni na karatasi nyeupe isiyo na mistari, akanipa neno moja, nami niliandikie insha. Ngazi. Ufunguo. Mvuke. Alisoma akiwa amesimama, mgongo kwenye bomba. Hakuwahi kuisifu hata moja.

"Mistari yako inapanda kilima, binti," alisema kila mara. "Anza upya. Mtu asiyeweza kunyoosha mstari, neno lake nani ataliamini?"

Yeye aliandika kwenye karatasi tupu kama aliyeweka rula chini yake. Nilidhani ni uchawi.

Sasa niwaeleze chai. Kanuni za jengo zilisema kamati itamhoji anayetaka kununua hisa, na Katibu, ambaye hakuamini ofisi, aliwahoji jikoni kwake. Ilikuwa chai ya maziwa, tangawizi na iliki, na kando yake biskuti nne kwenye sahani ndogo, hata kama wageni ni sita. Wanakamati wengine wanne walikaa kimya. Katibu aliuliza swali moja tu: "Ukisikia maji yanadondoka kwa jirani yako, naye hayupo, utafanya nini?" Nilikuwa nikifanya kazi za shule kwenye kona, nikasikia majibu mengi. Kijana mmoja wa benki alisema atapiga simu kwa kampuni inayosimamia jengo. Katibu akamwambia kampuni ndiyo hii, imekaa mbele yako inakunywa chai. Yule kijana hakuipata fleti. Mama mmoja kutoka Nairobi alisema, "Mimi nitavunja mlango, halafu nitamnunulia mwingine." Huyo alikubaliwa kabla biskuti hazijaisha.

Lakini chai peke yake haikutosha. Mnunuzi alihitaji barua ya jirani, kutoka kwa mtu mwenye hisa, au kutoka jengo alilokuwa akiishi. Barua za Katibu zilikuwa mistari mitatu, kila siku mitatu ileile. Ni mtu mtulivu. Anatunza mahali anapoishi. Atakaa. Hakuandika zaidi. Kamati ilishazoea, na hata watu waliowahi kukaa katika jengo letu wakahamia kwingine waliondoka na mazoea hayo. Alisema barua ndefu ni ya mtu anayeuza kitu.

Neno "atakaa" lilikuwa na historia yake. Alinisimulia mara moja tu, siku ya mvua, akimenya tangawizi. Baba yake alikuwa na jengo Tanga, duka la vitambaa chini, wapangaji juu. Kisha serikali ikachukua majumba ya kupangisha, na jengo la baba yake likawamo. Siku moja mzee alipanda ngazi zake kama kawaida kwenda kuzungumza na mpangaji wa juu, mtu aliyekula naye Idi na Diwali, na mpangaji akafungua mlango nusu. "Alimwambia baba, karibu, lakini ukija tena ubishe hodi," Katibu alisema. "Hodi, binti! Kwenye mlango alioupima mwenyewe." Aliendelea kumenya tangawizi ile mpaka haikubaki kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilimwonea huruma nikaandika insha kuhusu mlango ule. Alisema mistari inapanda kilima.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, yule bwana wa Kanada aliamua kuuza. Alimwandikia mama kwamba yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, kwa heshima ya miaka aliyokaa. Mama alifanya kazi mbili kwa muda ambao sipendi kuukumbuka, benki ikakubali, bwana wa Kanada akakubali. Kilichobaki kilikuwa chai na barua. Sikuwahi kumwona mama vile. Alipaka jiko rangi ya manjano kabla hata ya mkutano. Alipima madirisha yale ya chuma, ambayo hayalingani na pazia lolote la dukani, akashona mapazia mwenyewe, ya kitenge, yenye bitana, akapiga pindo kwa mkono. Alipokuwa akishona alikuwa akiimba nyimbo za kwaya. Mama, ambaye tangu tufike London alikuwa akikunja nguo zetu kana kwamba kesho tunasafiri, alinunua kabati.

Kwenye chai, Katibu alimwuliza swali la maji. Mama alicheka.

"Katibu, si nilishafanya? Mwaka juzi, namba kumi na moja, nilipanda na ndoo na wewe ukashika tochi."

Wote wakacheka. Mama aliinuka akaosha vikombe bila kuombwa. Nilijua tumepata.

Barua ya jirani aliiandika Katibu mwenyewe. Alimpa mama nakala ndani ya bahasha, akampa kwa mikono miwili. Mama aliisoma kwenye ngazi. "Fupi," aliniambia, "lakini nzuri." Jioni hiyo aliwasha oveni, akaoka keki ya ndizi, akaishusha namba tatu ikiwa bado ya moto, akamshukuru kwa kumpigia goti kidogo, kama anavyofanya kwa wazee wa kwao.

Kamati ilikataa. Barua yao ilisema wamesikitika, wakamtakia heri.

Mama hakulia. Alivitoa vyombo vyote kwenye lile kabati jipya, akavifuta, akavirudisha. Mimi ndiye niliyepanda kwa bibi wa namba kumi na mbili, mjane wa Kisingasinga aliyekulia Kisumu, mwanakamati, ambaye hakujua kusema kitu kwa kukizungusha. Alikuwa akikunja chapati.

"Wewe mtoto hujui?" alisema bila kuacha kukunja. "Barua ya Katibu ni mistari tatu. Hiyo ya mamako ilikuwa mbili. Sisi tukaona mbili, tukajua."

"Mkajua nini?"

"Kwamba hataki. Huyo mzee hakosei hesabu."

Nilishuka nikaitoa bahasha kwenye droo. Ni mtu mtulivu. Anatunza mahali anapoishi. Na chini yake karatasi nyeupe, safi, iliyonyooka. Hakuwa ameandika baya lolote. Usingeweza kumlalamikia mahali popote duniani. Alikuwa ameacha tu nafasi, akapokea keki.

Tulikaa miezi miwili zaidi. Kila nilipotoka shuleni, nilipopita mlango wa namba tatu, nilipanda kimya, nikaingia, nikakaa. Sikugonga. Baada ya muda bomba lilikuwa likianza: mara mbili. Kimya. Mara mbili tena. Alikuwa akigonga "nimesikia" kwa kitu ambacho hakuna aliyekisema. Niliweka kiganja kwenye bomba nikausikia mtetemo wake ukipita ndani ya mifupa yangu, nikauacha upite.

Fleti yetu ilinunuliwa na daktari wa meno ambaye hakulala humo hata siku moja. Aliipangisha kwa wanafunzi, wanne wanne, kila mwaka wapya.

Tulihamia Luton. Mapazia hayakuingia kwenye dirisha lolote la Luton. Mpaka leo yako kwenye sanduku juu ya kabati. Mwaka mzima nilimficha mama habari ya mstari wa tatu. Nilipomwambia hatimaye, tukiwa tunapanga vyombo, aliendelea kufuta sahani ileile moja.

"Nilimpelekea keki," alisema.

Hajalizungumza tena.

Ndiyo maana nilimpigia ajenti, nikajifanya mnunuzi. Jumamosi, saa tano asubuhi. Sijui nilitaka nini. Labda kusimama kwenye jiko lile nikiwa mtu mzima, nilione ni dogo.

Ajenti alikuwa msichana mwenye tabasamu la kazi, akanipa vifuko vya bluu vya kuvaa juu ya viatu. "Samahani kwa yule bwana mzee," alininong'oneza kwa Kiingereza kabla hatujaingia. "Ni mwenyewe. Familia imeshindwa kumzuia. Kila Jumamosi anakuja, anawauliza wateja habari za maji."

Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha kaunta, koti limefungwa mpaka shingoni, vifuko vya bluu miguuni kwake pia, miguu haifiki chini. Alikuwa amepungua kila upande. Mwanawe alikuwa nje kwenye gari, akizungumza kwenye simu.

"Shikamoo, Katibu."

Aligeuka polepole. Hakuhitaji hata sekunde.

"Marahaba, binti wa Sista. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kutazama."

"Wote wanakuja kutazama." Alizungusha mkono wake kwenye ule weupe wote. "Haya, tazama. Wamenivunjia ukuta wakasema wameniongezea mwanga. Mwanga wa kufanyia nini? Kuona kwamba ukuta haupo?"

Nilicheka, nikajichukia kwa kucheka. Ajenti alikwenda kusimama kwenye sebule, ambayo sasa ilikuwa hapohapo.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko Luton."

"Bado nesi?"

"Bado."

Akatikisa kichwa. Aliniambia mkewe alifariki, na kamati sasa ni ya vijana wenye hisa wasioishi humo, wameifuta chai, wameajiri kampuni. Mwanawe alikuwa amekarabati ili bei ipande. Yeye mwenyewe alikuwa amepata fleti ndogo Stanmore, jengo la wazee, watu wa Tanga, watu wa Mombasa, wa Kampala, kila alasiri karata na kahawa. Au alikuwa karibu kuipata. Hapo akakohoa.

"Wana kamati," alisema. "Wamenihoji, binti. Mimi! Wamenipa biskuti."

"Walikuuliza swali gani?"

"Swali langu. Mwenyekiti wao alikaa namba kumi na tano zamani, wewe ulikuwa hujafika. Kila kitu amekichukua kwangu." Alijaribu kutabasamu. "Sasa anataka barua. Ya jirani, aliyenijua miaka isiyopungua mitano. Wa zamani wamekufa wote, hata yule bibi wa chapati. Hawa wapya sina jirani kati yao, nina wanasheria wao tu. Mwanangu haruhusiwi, ni damu. Jumatatu ndiyo mwisho. Nikiikosa, nitakaa kwake, chumba cha juu, pale mjukuu anapoweka baiskeli. Mkwe wangu ananiita Daddy na kunifungia jiko."

Nikamwelewa kabla hajamaliza. Alikuwa ameshatoa kwenye koti karatasi nyeupe, isiyo na mistari, imekunjwa mara moja, na kalamu yake ya wino.

"Nilikuwa nimwombe ajenti," alisema, "akaniambia haruhusiwi. Kisha wewe ukaingia."

Niliilaza karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa baridi ile kaunta, laini, haikuwa na kovu hata moja. Nilifungua kalamu. Niliandika tarehe, nikaandika kwamba nimeishi juu yake miaka kumi na moja. Chini yake nikaandika: Ni mtu mtulivu. Nikaandika: Anatunza mahali anapoishi. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kalamu ikasimama.

Hakuwa akiitazama karatasi. Alikuwa akitazama ukuta, pale bomba lilipokuwa. Walikuwa wameliondoa, wakapiga lipu, wakapaka rangi. Sasa kila fleti ilikuwa na boila yake ndogo ndani ya kabati. Alinyoosha mkono akaliwekea kiganja lile bomba ambalo halikuwepo, na kiganja kikakuta ukuta mtupu.

"Mama yangu angekaa," nilisema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Aliposimama kuosha vikombe." Hakuuondoa mkono ukutani. "Nilikaa na ile barua usiku kucha. Nilijiambia, akipata huyu, kila mpangaji humu atataka. Nikamwona baba yangu kwenye ngazi. Ukweli wenyewe ndio huo, sina mwingine. Mama yako hakuwa na kosa, nami nilijua hana. Keki yake tuliila siku tatu."

Sebuleni ajenti alipokea simu, akasema ndiyo, bado ipo sokoni. Katibu alinigeukia. Macho yake yalikuwa na maji ya uzee, yale yasiyosema kama mtu analia. Hakuniomba tena. Alikuwa Katibu, alijua barua haiombwi mara mbili.

Nilifikiria chumba chenye baiskeli. Nilifikiria chupa za maji ya moto zilizovaa soksi, na kifundo chekundu kwenye theluji. Neno lenyewe lilikuwa moja, halingenichukua hata pumzi. Kisha nikafikiria kitenge kilichokunjwa ndani ya sanduku, pindo lake limepigwa kwa mkono, limepimwa kwa dirisha la juu, pacha wa hili la chuma nililokuwa nimelipa mgongo.

Nikatia sahihi chini ya mistari miwili.

Nilimpa kwa mikono yote miwili, kama alivyompa mama. Akatoa miwani, akaivaa, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji maneno yale machache. Niliona jicho lake likishuka mpaka kwenye ile nafasi nyeupe, likatulia hapo, kisha likapanda tena. Honi ya gari la mwanawe ililia nje. Aliikunja karatasi mara moja, akaiingiza ndani ya koti upande wa moyo, akanyoosha mkono kuidai kalamu yake. Nikampa.

"Safari hii," alisema, "mistari imenyooka."